Essendon Hawakukosea: Haki ya Kusema Hapana Katika Soko la Wachezaji wa AFL

Dirisha la kubadilishana wachezaji katika ligi kuu ya mpira wa Australia, AFL, lilifungwa saa moja na nusu jioni ya tarehe 15 Oktoba 2025, na Zach Merrett, nahodha wa Essendon wakati huo, akabaki pale pale alipokuwa. Alikuwa ameomba kuhamia Hawthorn, majirani na mahasimu wa jadi katika jiji hilo hilo la Melbourne, na Hawthorn walikuwa wameweka mezani zaidi ya chaguo moja la raundi ya kwanza, yaani zamu za mapema za kuchagua vijana wapya. Essendon, waliomaliza msimu katika nafasi ya 15 kati ya timu 18 na ambao hawajashinda mechi hata moja ya fainali, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, tangu mwaka 2004, walikataa. Kilichofuata ni hukumu za aina mbili. Wapo waliosema klabu imemfungia mtu aliyeitumikia kwa miaka kumi na miwili, na kwamba viongozi wake wametanguliza ubishi mbele ya hesabu. Wapo pia waliosherehekea wakidai kwamba hatimaye mkataba umeheshimiwa na mambo yamerudi katika mstari. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili hayakuelewa kilichotokea. Essendon walifanya jambo la busara, lakini busara hiyo haitokani na utakatifu wa mkataba; inatokana na jinsi bei ya mchezaji inavyopatikana katika ligi ambayo pesa hairuhusiwi kununua mchezaji. Tena busara hiyo ina muda wake, na muda huo unakwisha upesi.

Msomaji aliyezoea soka anapaswa kwanza kuweka kando picha ya usajili anayoijua. Katika soka, klabu inayomwachia mchezaji wake mwenye mkataba hulipwa ada, na kwa ada hiyo huingia sokoni kutafuta mwingine. Katika AFL klabu haiwezi kuiuzia nyingine mchezaji kwa fedha taslimu. Inachoweza kupokea ni mchezaji mwingine au nafasi katika drafti, yaani zamu ya kuchagua vijana wanaoingia ligini, ambapo timu iliyoshika mkia msimu uliopita hutangulia kuchagua. Mfumo huo ulianza mwaka 1986, na huenda pamoja na kikomo cha mishahara, ambacho kwa msimu wa 2025 kilikuwa karibu dola milioni 18 za Australia kwa kila klabu. Kijana wa miaka 18 hana sauti katika kuamua klabu itakayomchukua: aliyezaliwa Melbourne anaweza kujikuta Perth, umbali wa zaidi ya kilomita 2,700. Mchezaji huanza kupata uhuru wa kuhama baada ya miaka minane katika klabu moja, na ikiwa ni miongoni mwa wanaolipwa zaidi klabuni, uhuru huo una masharti, kwa sababu klabu yake ina haki ya kulingana na dau aliloahidiwa kwingine na kumzuia. Kwa hao uhuru kamili huja baada ya miaka kumi, na kwa vyovyote vile ni lazima mkataba uwe umekwisha. Utaratibu huu wa wachezaji huru ulianza mwaka 2012 tu.

Kwa upande wa pili, mchezaji amepewa kinga ambayo wenzake katika ligi kubwa za Marekani wengi wao hawana: hawezi kupelekwa klabu nyingine bila ridhaa yake. Kwa hiyo kila makubaliano ya kubadilishana mchezaji mwenye mkataba yanahitaji ndiyo tatu, ya klabu inayomtoa, ya klabu inayompokea na ya mchezaji mwenyewe. Ukielewa hilo, utaona nguvu inakaa wapi. Mchezaji anapotaka kuondoka, wakala wake huzungumza na klabu kadhaa kimyakimya, kisha jina la klabu moja hutangazwa. Tangu siku hiyo klabu zilizobaki hazina kazi tena, kwa sababu hata zikitoa dau la kupindukia, mchezaji hatasaini. Muuzaji anabaki katika mnada wenye mnunuzi mmoja. Hawthorn hawakuwa wakishindana na Geelong wala Collingwood kumpata Merrett. Walikuwa wakishindana na kitu kimoja tu, nacho ni uwezekano wa Essendon kuondoka mezani. Uwezekano huo ukiondolewa, au ukijulikana kuwa ni vitisho visivyotekelezwa kamwe, bei ya mchezaji inakuwa chochote ambacho mnunuzi ameamua kukitoa saa ya mwisho.

Historia ya ligi hii inaonyesha jambo hilo bila kuficha. Mwaka 2009 Luke Ball alimaliza mkataba wake St Kilda na akataka kwenda Collingwood. Klabu hizo mbili hazikuafikiana. Kwa kuwa Ball hakuwa na mkataba, alijiingiza katika drafti, klabu nyingine zikamwacha apite kwa kujua kwamba hataki kwenda kwao, na Collingwood wakamchukua kwa chaguo la 30. St Kilda hawakupata kitu. Mwaka mmoja baadaye klabu hizo hizo zilikutana katika fainali kuu, zikatoka sare, zikarudiana, na Collingwood wakatwaa ubingwa Ball akiwa upande wao. Linganisha na Jeremy Cameron mwaka 2020. Alikuwa mchezaji huru mwenye masharti, na klabu yake, GWS ya magharibi mwa Sydney, ikaamua kulingana na dau la Geelong. Kwa kuwa GWS walikuwa na njia halali ya kumzuia, Geelong walilazimika kukaa mezani na kutoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, la 13, la 15 na la 20, huku wakirudishiwa machaguo mawili ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata. Geelong nao hawakupata hasara, maana walitwaa ubingwa mwaka 2022. Tofauti ya Ball na Cameron haiko katika ubora wao. St Kilda hawakuwa na hapana yenye meno, GWS walikuwa nayo.

Hoja ya wanaomtetea Merrett ni nzito na haifai kupuuzwa. Aliingia Essendon katika drafti ya 2013 bila kuchagua, katika klabu ambayo miaka iliyofuata iliingia katika misukosuko mikubwa. Alidumu, akawa mchezaji bora wa klabu mara kadhaa, akawa nahodha kuanzia 2023. Amefikisha miaka 30, na kiungo wa umri huo hana misimu mingi ya kusubiri klabu ijengwe upya kutoka chini. Hawthorn walikuwa wametoka kucheza nusu fainali ya msimu. Mtu aliyelitumikia jambo kwa uaminifu mrefu bila kuona matunda yake ana haki ya kuomba aachiwe, na sidhani kwamba kuomba huko ni usaliti, kama baadhi ya mashabiki walivyosema kwa maneno makali yasiyostahili. Lakini haki ya kuomba haizai wajibu wa kukubaliwa. Merrett alisaini mwaka 2021 mkataba uliomfikisha mwisho wa 2027, wakati alipokuwa na nafasi ya kutazama kwingine. Mkataba ule ulimpa uhakika wa mshahara kwa miaka mingi hata kama angeumia goti katika mazoezi ya kwanza. Uhakika huo ulikuwa na thamani, na Essendon ndio waliobeba hatari yake.

Kubeba hatari huko si maneno ya karatasini. Katika dirisha hilo hilo la 2025, klabu iitwayo Melbourne ilimpeleka Clayton Oliver kwa GWS. Oliver alikuwa na mkataba hadi 2030, na klabu ilikuwa imeamua kwamba haimtaki tena kwa gharama ile. Haikuweza kuuchana mkataba. Ilikubali kupokea chaguo dogo la mwaka ujao na kuendelea kulipa sehemu ya mshahara wake akiwa amevaa jezi ya watu wengine. Collingwood walifanya vivyo hivyo kwa Adam Treloar mwaka 2020, walipokuwa wamebanwa na kikomo cha mishahara: wakamshinikiza aondoke na mkataba wake mrefu, akaenda Western Bulldogs, nao wakabaki kuchangia malipo yake. Mkataba mrefu, basi, huibana klabu hasa pale mchezaji anaposhuka kiwango. Ukisema kwamba mkataba huo huo unapaswa kulegea kila mchezaji anapopanda kiwango na kutamani klabu yenye nafasi ya kombe, umeugeuza kuwa kamba inayofunga upande mmoja peke yake.

Hoja inayorudiwa zaidi ya zote, na iliyo dhaifu kuliko zote, ni ile inayosema mchezaji asiye na furaha hana faida, kwa hiyo chukua kinachotolewa na umwache aende. Inasikika kama busara ya mtu mzima. Ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2016 Bryce Gibbs aliomba kutoka Carlton kwenda Adelaide kwa sababu za kifamilia, na Carlton, wakiwa na mkataba wake hadi 2019, hawakuridhika na dau na wakakataa. Gibbs alicheza msimu wa 2017 kwa kiwango cha juu kabisa, na mwisho wa mwaka Adelaide wakarudi na machaguo mawili ya raundi ya kwanza, la 10 na la 16. Mwaka 2024 Christian Petracca alitaka kuondoka Melbourne akiwa na mkataba hadi 2029, klabu ikamzuia. Msimu wa 2025 haukuwa mzuri kwa Melbourne, kocha Simon Goodwin alifukuzwa mwezi Agosti, na mtu anaweza kusema kwamba kumzuia Petracca hakukuleta ushindi. Ni kweli. Lakini alipoondoka kwenda Gold Coast mwaka huo, Melbourne walipokea chaguo la 7 na la 8 pamoja na mengine, bei ambayo klabu yenye haraka haipewi.

Kisa kinachowahusu Essendon moja kwa moja zaidi ni cha Josh Dunkley. Mwaka 2020 kiungo huyo wa Western Bulldogs, aliyebakiwa na miaka miwili ya mkataba, aliomba kwenda Essendon. Safari hiyo Essendon ndio waliokuwa upande wa mnunuzi, na mchezaji alikuwa ameshawataja wao tu. Bulldogs waliona kinachotolewa hakitoshi na dirisha likafungwa bila makubaliano. Ziliandikwa tabiri nyingi kwamba chumba cha kubadilishia nguo kingepasuka. Msimu uliofuata Bulldogs walifika fainali kuu, na njiani wakawatoa Essendon wenyewe katika wiki ya kwanza ya fainali. Mwaka 2022 Dunkley alitangazwa mchezaji bora wa klabu, kisha mkataba wake ulipokwisha akahamia Brisbane kwa makubaliano, ambako amekuwa bingwa mwaka 2024 na 2025. Hakuna aliyeharibikiwa. Bulldogs walipata misimu miwili ya mchezaji wa daraja la juu na bado wakapokea fidia; mchezaji naye alipata alichotaka, kwa kuchelewa. Viongozi wa Essendon waliomkatalia Hawthorn mwaka 2025 walikuwa wakitumia somo ambalo klabu yao ilifundishwa kwa uchungu miaka mitano kabla.

Hata hivyo, Essendon hao hao wana kisa kinachokwenda kinyume, na anayeutetea uamuzi wao bila kukitaja hajawa mkweli. Mwaka 2019 mshambuliaji wao Joe Daniher aliomba kwenda Sydney. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja wa mkataba. Essendon walikataa, Daniher akacheza mechi chache tu mwaka 2020 kwa sababu ya majeraha, na mwisho wa msimu akaondoka kwenda Brisbane akiwa mchezaji huru. Fidia ambayo ligi iliwapa ilikuwa chaguo la 7, nayo si haba, lakini haikutokana na mazungumzo yao. Ilitokana na kanuni ya ligi, na kama dau la Brisbane lingekuwa dogo, fidia nayo ingepungua.

Ukivipanga visa hivi, utaona kwamba kinachotenganisha kukataa kwenye faida na kukataa kwenye hasara ni idadi ya miaka iliyobaki katika mkataba kuliko hisia za mchezaji. Gibbs alikuwa amebakiwa na mitatu, Petracca mitano, na klabu zao ziliweza kukataa leo na kuuza mwaka unaofuata, zikiwa bado na mkataba wa kusimamia. Daniher alikuwa na mmoja, na klabu yake ilikataa leo ili imwangalie akiondoka kesho. Dunkley na Merrett wako katikati, na miaka miwili ni muda unaotosha kukataa mara moja tu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosherehekea. Wanadhani Essendon wamethibitisha kanuni ya kudumu, kwamba mwenye mkataba haondoki. Walichonunua ni mwaka mmoja wa kumtumia mchezaji wao bora na kutafuta namna ya kumshawishi abaki, na wamelipia mwaka huo kwa kuachia machaguo ambayo huenda wasiyaone tena. Bei hiyo ilistahili kulipwa, kwa sababu klabu ambayo kila wakala anajua kwamba itaachia ikisukumwa vya kutosha haitapata bei nzuri kwa yeyote, wala kwa kijana wa miaka 22 atakayeomba kurudi kwao Adelaide msimu mwingine.

Kelele za Oktoba zimelifufua pia pendekezo ambalo limekuwa likizungushwa kwa muda: kwamba klabu ziruhusiwe kumpeleka mchezaji kokote bila ridhaa yake, angalau wale wanaolipwa fedha nyingi, kama inavyofanyika Marekani. Watetezi wake wanasema mizani imeelemea upande wa wachezaji, kwa kuwa wanataja klabu moja na kuiacha nyingine bila mnunuzi wa pili. Maelezo yao ya tatizo ni sahihi, lakini dawa wanayoipendekeza inaua kinga pekee inayohalalisha mambo mengine yote. Kijana huyu hakuchagua klabu ya kuanzia. Hawezi kuuza kipaji chake kwa bei ya soko huria, kwa sababu kuna kikomo. Anasubiri miaka minane kabla ya kupata uhuru wenye masharti. Kumwondolea na ridhaa pia ni kumwachia wajibu wote bila haki hata moja, tena katika nchi ambayo kuhama klabu mara nyingi ni kuhama jimbo, mke kuacha kazi na watoto kubadili shule.

Isitoshe, mabadilishano mengi yanayofanikiwa hufanikiwa kwa sababu mchezaji ameyataka. Aliir Aliir, ambaye wasomaji wa Kenya huenda wanalijua jina lake kwa kuwa alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alikuwa beki ambaye Sydney hawakuwa na nafasi ya uhakika kwake. Mwisho wa 2020 alikubali kwenda Port Adelaide kwa gharama ndogo ya drafti, na msimu wake wa kwanza huko ukamwingiza katika kikosi bora cha ligi nzima cha 2021. Beki anayejenga upya imani yake huhitaji kocha anayemtaka na jiji alilolikubali. Sioni namna angefikia hapo kama angepelekwa tu kama mzigo wa kusawazishia hesabu za watu wengine.

Kama ligi inataka kusawazisha mizani, iko njia iliyo karibu zaidi na haki. Ipunguze miaka ya kusubiri uhuru kutoka minane, ili mchezaji aliyechoka na klabu awe na mlango halali wa kutokea mapema na asilazimike kusaini mkataba mrefu kisha kuomba kuuvunja. Halafu, kwa aliyeamua kwa hiari yake kusaini miaka sita au minane baada ya kupewa uhuru huo, klabu isionekane katili inapomwambia amalize. Wachezaji wangepata uhuru zaidi, na sahihi zao zingekuwa na uzito zaidi. Klabu kubwa za Victoria, jimbo lenye jiji la Melbourne, hazitaupenda mpango huu, maana kwa sasa zinafaidika na pande zote mbili: kumi kati ya klabu 18 ziko katika jimbo hilo, wachezaji wengi wametoka huko, na anayeomba kurudi nyumbani kutoka Sydney, Brisbane au Perth huwakuta wakimsubiri.

Watakaoumia zaidi mikataba ikilegea ni wale walio mbali. Klabu ya Tasmania, iliyopewa leseni mwaka 2023 na inayotarajiwa kuingia ligini mwaka 2028, itajenga kikosi chake kwa vijana wa drafti ambao wengi wao watatoka bara, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bass. Itawapa mikataba mirefu kwa sababu haina kingine cha kuwashikilia. Kama ifikapo 2030 desturi ya ligi itakuwa kwamba kijana mwenye miaka mitatu ya mkataba akitaja Collingwood basi mazungumzo yamebaki kwenye bei tu, Tasmania itakuwa shule ya kuwalea wachezaji wa klabu za jiji la Melbourne. GWS walipitia hali hiyo katika miaka yao ya mwanzo, na kilichowapa nafuu ni kujifunza kuomba bei kubwa na kuwa tayari kuikosa.

Kuhusu Merrett mwenyewe, hesabu sasa iko wazi kwa kila aliye mezani. Dirisha la Oktoba 2026 litamkuta akiwa na miaka 31 na msimu mmoja tu wa mkataba, hali ile ile aliyokuwa nayo Daniher mwaka 2019. Hawthorn, au yeyote atakayetajwa, hatakuwa na sababu ya kurudisha dau la 2025, na Essendon wakikataa tena watakuwa wanacheza kamari kwa fidia ya ligi, ambayo huangalia pia umri na ambayo kwa mchezaji wa miaka 32 haiwezi kuwa kubwa. Kwa hiyo kazi ya viongozi wa Essendon kati ya sasa na dirisha hilo ni kumpa sababu ya kusaini tena. Wakishindwa, wamuuze wakati huo, kwa bei ndogo kuliko waliyoikataa, na wawaeleze wanachama wao waziwazi kwamba tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama ya mwaka mmoja walioununua.